Daftari la Hamamuni

Tulikuwa watatu. Wa nne nitamtaja nikimfikia, ingawa jina lake silijui, na mimi sipendi kumtaja mtu nisiyemjua jina.

Wa kwanza alikuwa Sadok ben Hmida Triki, fundi wa saa, mwenye miaka sabini na mitatu. Wa pili, Larusi ben Taher Furati, mkaguzi wa tiketi wa reli aliyestaafu, mwenye miaka sabini na mitano na tumbo la watu wawili. Wa tatu ni mimi, Allala ben Mahmoud Sellami. Kwa miaka thelathini na sita nilikuwa karani wa vizazi na vifo katika manispaa ya Sfax. Majina ya mama zetu siyaandiki hapa. Atakayesoma mpaka mwisho ataelewa.

Nilisoma shule ya Wafaransa. Mwalimu wetu, Bwana Perrier, alituchapa vidole kwa rula kila tulipokosea jina la mtu, awe mfalme wa kwao au mwenzako wa dawati. Nilichapwa mara mbili tu. Baada ya hapo sikukosea tena, wala sikuweza kumsikia mtu akikosea nikanyamaza. Huu ndio ugonjwa wangu.

Safari ilikuwa ya Sadok. Baba yake, Mzee Hmida, alikuwa mwimbaji wa malufu, muziki wa kale wa kwetu, na nyimbo zake zote alikuwa amezinakili katika daftari moja la jalada jekundu. Alipofariki mwaka 1962, ami yake Sadok aliliuza daftari hilo kwa mtu asiyejulikana. Sadok alilitafuta miaka hamsini na miwili. Sasa mjukuu wake Rim alikuwa anaolewa mwezi wa Aprili, na Sadok alitaka kumwimbia wimbo ambao baba yake alikuwa akiuimba wakati bibi harusi anapotoka kwao. Alikumbuka beti mbili za mwanzo tu. Mpiga fidla mmoja alimwambia kwamba Tunis kuna duka la vitabu ndani ya hamamu ya zamani, bafu la umma, nyuma ya mtaa wa Watengeneza Ngozi, na humo huonekana madaftari ya waimbaji.

Basi tukaondoka Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2014, kwa treni ya alfajiri. Ilichelewa dakika hamsini. Hotelini tulipewa chumba kimoja cha vitanda viwili kwa wazee watatu, na kijitabu cha wageni kilinitaja kama mke wa Larusi. Nilisahihisha. Karani akaniambia kwamba haidhuru.

Larusi alikuwa amekuja kwa ajili ya lablabi, supu ya dengu. Alituongoza mpaka Bab Suika, kwenye kimkahawa alichokisifia tangu tupo Sussa. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mwenyewe kaenda Umra," jirani akasema.

"Mungu amkubalie," Larusi akajibu. "Lakini ufunguo wa dengu angemwachia mtu!"

Tukaingia pengine tukala briki, sambusa za mayai. Nilipouma yangu, kiini cha yai kikachuruzika mpaka kwenye tai.

"Tazama," Larusi akamwambia mhudumu, "huyu ndiye msomi wetu. Ana diploma ya Mfaransa."

"Nyinyi wa Sfax, eh?" mhudumu akasema, kwa kuwa mji wetu unasifika kwa ubahili. "Ngoja niwaletee hesabu kabla ya chai, mpate muda wa kulia."

Sadok hakucheka. Alikuwa ametazama saa yake mara kumi.

Duka tulilikuta saa nane mchana. Mlango wa chini, wenye misumari, rangi ya kijani iliyobabuka. Kikaratasi kilisema: Tutafungua baada ya alasiri. Tukazunguka, tukarudi baada ya alasiri. Kikaratasi kilikuwa pale pale. Larusi alikuwa na njaa tena. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Muuza vitabu wa jirani alisema tu kwamba mwenye duka hufungua anapotaka.

"Twendeni tukale," Larusi akasema. "Vitabu haviozi."

"Dakika kumi," Sadok akasema. "Nimengoja miaka hamsini na miwili, bwana. Ningojeeni dakika kumi."

Tukangoja saa nzima. Jua likaingia nyuma ya mapaa. Tulipokata tamaa na kugeuka, tulisikia nyuma yetu...

Ko. Ko. Ko.

Mitalawanda, vile viatu vya mbao vya hamamuni, juu ya marumaru. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani kulikuwa na ukumbi wa kuvulia nguo, wenye mabaraza pande zote, na vitabu vimepangwa kwenye visanduku vya kuwekea nguo. Hapakuwa na mtu. Taa ilikuwa ikiwaka kwenye chumba cha pili, kile ambacho zamani kilikuwa cha moto. Tukaifuata. Humo hamkuwa na kitu ila vitabu, kuanzia sakafuni hadi kwenye kuba, hata ndani ya mabirika ya mawe. Nilipitisha kidole kwenye rafu. Hapakuwa na vumbi. Hapakuwa na tobo hata moja la mdudu. Kulinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Na mahali fulani maji yalikuwa yakidondoka.

Mtu alikuwa amekaa kwenye jiwe la kati, pale walipokuwa wakilala watu kusuguliwa. Mzee, mwembamba, amejifunga futa, taulo ya hamamuni, kiunoni na ameweka koti juu yake. Daftari jekundu lilikuwa mapajani mwake, kana kwamba alijua tunakuja kwa ajili gani.

Sadok alishika mkono wangu. "Ndilo," akanong'ona. "Allala, ndilo."

"Nani analitaka?" mtu yule akauliza.

"Mimi. Ni la marehemu baba yangu. Niambie bei."

"Sitaki pesa. Mwenye daftari ni mmoja. Likimwelemea, amwandike mwingine. Lakini jina liwe la kweli." Akafungua ukurasa wa kwanza na kuchukua kalamu ya mwanzi. "Jina?"

"Sadok ben Hmida Triki."

Kalamu ikakwaruza.

"Mwana wa mama gani?"

Tulitazamana wote watatu.

Kwetu mwanamume hamtaji mama yake mbele ya watu. Watoto hupigana shuleni kwa sababu hiyo, na watu wazima wana sababu nyingine, ambayo msomaji naye bila shaka anaijua. Mwenye kumwandikia mtu maovu hana haja na jina la baba. Baba huweza kubahatishwa. Mama ni hakika. Na marehemu mama yangu alituonya kwamba ndani ya hamamu, magharibi ikishaingia, usimwite mwenzako jina, kwa kuwa maji yana wenyewe.

Sadok alitazama daftari. "Mwana wa Mannubia," akasema.

Haikuwa kweli. Alifanya vizuri kabisa, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mtu yule akaandika. Wino ulikaa juu ya karatasi kama maji juu ya jani lenye mafuta, ukajikusanya, ukachuruzika, ukadondoka sakafuni. Akaandika tena. Ukachuruzika tena.

"Halishiki," akasema kwa upole.

Mara ya tatu. Mara ya nne. Alikuwa hana haraka. Mimi nilikuwa nimesimama tangu saa nane, na tai yangu ilikuwa na yai, na treni ilichelewa, na hotelini niliandikwa mke wa mtu. Na mbele ya macho yangu mtu alikuwa akiandika jina ambalo silo, mara ya tano, katika kitabu.

"Hakuitwa Mannubia," nikasema.

Nikalitaja jina lake lenyewe. Lake na la baba yake. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu kwenye kitabu cha manispaa, alipofariki.

Kalamu ikaandika. Wino ukakauka papo hapo.

Sadok akanigeukia polepole. Sikuwahi kumwona mtu akinitazama vile.

"Allala... umefanya nini?"

Mtu yule alimpa daftari. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Vidole vyote vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyekaa majini siku nzima.

Lakini chumba kilikuwa kikavu.

Tulitoka bila kuagana naye. Nje, waadhini walikuwa wamekwisha adhini magharibi. Tuliharakisha mpaka tukafika kwenye mwanga wa maduka. Larusi ndiye aliyeanza kusema.

"Manispaa nzima ya Sfax inajua kufunga mdomo isipokuwa karani wake," akasema. "Tukale. Nikiogopa na njaa nitakufa kwa njaa kwanza."

Tukakaa kwenye mkahawa wa samaki karibu na Lango la Bahari. Sadok alifungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha ya majina kumi na moja, kila moja likifuatiwa na maneno "mwana wa" na jina la mwanamke. Yote yalikuwa kwa mwandiko mmoja, ingawa la kwanza lilikuwa na mwaka 1790. Kumi yalikuwa yamepigwa mstari. La kumi lilikuwa la Hmida ben Ali Triki. Mstari wake ulikuwa bado mbichi.

Mwaka 1962 nilikuwa karani mpya. Kifo cha Mzee Hmida kilikuwa miongoni mwa vya kwanza nilivyoandika. Nakumbuka sababu aliyoandika daktari, kwa kuwa niliuliza maana yake: maji mapafuni.

Sikusema. Sadok alikuwa amepata wimbo wake. Beti tisa! Aliziimba kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari, machozi yakimlenga, na watu wa meza ya pili wakaacha kula wakamsikiliza. Kisha akakohoa. Alipoinua daftari, kitambaa cha meza chini yake kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Umemwaga maji?" nikamuuliza Larusi.

"Mimi nimeagiza soda."

Nilimwambia Sadok tulirudishe kesho. Nakili wimbo, nikamwambia, kisha tulirudishe. Akanitazama. "Kule hamamuni ulishindwa kufunga mdomo, na sasa una mengi tena," akasema. Tukalala, Larusi akikoroma sakafuni.

Asubuhi ya Jumapili Sadok alikuwa amekwisha nakili beti zote tisa, na sauti yake ilikuwa imekauka. Alipopumua nilisikia kitu kikitokota, kama kiko cha maji kinachovutwa chumba cha jirani. Akakubali turudi.

Duka lilikuwa wazi. Taa za umeme, mashine ya kahawa, na mwanamke wa miaka kama arobaini anayebandika bei. Kadi yake ilisema Dorra Mhiri.

"Jana?" akasema. "Jana sikufungua kabisa, ami zangu. Nilikuwa Nabeul harusini."

"Tulimkuta mzee chumba cha ndani," nikasema.

"Chumba gani cha ndani?"

Nikamwonyesha. Palikuwa na ukuta wenye vigae vya zamani. Ulikuwa unatiririka maji kuanzia kimo cha mtu mpaka chini.

"Usinikumbushe huo ukuta!" Lella Dorra akasema. "Umenimaliza. Nimeleta mafundi watatu. Wote wanasema nyuma yake hakuna bomba. Huyu wa mwisho hata vifaa vyake hakurudi kuvichukua."

Nikamnyooshea daftari. Akarudi nyuma.

"Hapana, ami. Kitu kilicholowa sikipokei. Kitaniharibia vingine."

"Tunakupa bure."

"Hata kwa kulipwa. Na stakabadhi mnayo? Basi."

Nilibishana naye kwa robo saa. Nilimweleza kwa utaratibu, kwa tarehe na saa. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunitazama kama mzee aliyepotea njia. Mwishowe niliweka daftari chini, kando ya ukuta, nikawaambia wenzangu twende. Tulipofika mlangoni, Sadok hakuwapo nyuma yetu. Alikuwa amelichukua tena, amelikumbatia kifuani, na koti lake lilikuwa linadondosha maji.

"Ni la baba," akasema. Basi.

Treni ya saa nane ilichelewa pia. Tulipopita Sussa, jua lilikuwa linazama upande wa mizeituni, na Sadok alikuwa ameegemea dirisha, midomo ya buluu. Hakuweza tena kusema sentensi nzima. Larusi alikuwa ametafuta daktari mabehewa yote, akakuta mwanafunzi wa meno. Kituo chenye hospitali kilikuwa mbali saa nzima.

Daftari lilikuwa kati yetu, kwenye kiti.

Likimwelemea, amwandike mwingine.

Nilikuwa nimelifikiria tangu asubuhi. Nilikuwa nimelifikiria tangu usiku. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Mke wangu amefariki, watoto wako Marseille, nani angenililia sana? Nilitoa kalamu yangu ya wino. Nikafungua ukurasa. Chini ya jina la Sadok nikaandika, kwa mwandiko ule ule aliotufundisha Bwana Perrier: Allala ben Mahmoud Sellami.

Likashika.

Nikaandika: mwana wa.

Likashika.

Wakati huo nikaisikia, kwenye ujia wa behewa, upande wa nyuma.

Ko.

Ko.

Hakuna mtu mwingine aliyeinua kichwa.

Nikaandika jina. Halikuwa la mama yangu. Lilikuwa la mama mdogo, mdogo wake. Mkono wangu wenyewe uliliandika, na mimi niliutazama ukiandika. Wino ukajikusanya, ukachuruzika, ukanidondokea gotini, na jina langu lote likafuata, herufi baada ya herufi, mpaka karatasi ikawa nyeupe.

Larusi alikuwa akitazama.

"Mama yako hakuitwa hivyo," akasema taratibu. "Alitulisha sote. Namjua jina."

"Nyamaza," nikamwambia. "Nakuomba, Larusi. Nyamaza."

Alinyamaza. Angeweza kulitaja, kama mimi nilivyolitaja la mwenzangu. Kisha akacheka kidogo, kile kicheko chake cha tumbo, akanyoosha mkono.

"Lete kalamu. Miaka arobaini nimeandika tiketi, sijawahi kuandika kitabuni. Akija huyo mtu wako wa majini, atanikuta nanuka kitunguu saumu, atarudi mwenyewe."

"Larusi, usifanye."

"Mbona sasa unajua la kusema?"

Aliandika kwa herufi kubwa, mbovu, ulimi ukiwa nje kama mtoto. Jina lake, la baba yake, na la mama yake. La kweli. Nilijua, kwa kuwa nalo niliwahi kuliandika.

Wino ukakauka.

Mstari ukapita juu ya jina la Sadok. Sitasema nani aliupiga. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Larusi, na mkono wa Larusi ulikuwa juu, mbali na karatasi.

Sadok akavuta pumzi. Ndefu, kavu. Akafungua macho, akauliza kama tumekwisha pita El Jem.

"Bado," Larusi akamjibu. "Lala. Na wewe hukununua hata sandwichi, bahili mkubwa." Kisha akaweka daftari ndani ya begi lake, chini ya tende alizomnunulia mkewe.

Sadok aliimba harusini kwa Rim, tarehe 11 Aprili 2015. Beti zote tisa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango. Alipomaliza alinitafuta kwa macho, nami nikainama nikafunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Daftari liko kwangu. Lella Salwa, mke wa Larusi, alikuja nalo limefungwa kwenye taulo. "Amesema ukae nalo wewe," akaniambia. "Amesema wewe ndiye unayejua majina." Nimeliweka kabati la juu, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Mbao za chini yake zimeanza kuvimba. Nimeita mafundi wawili.

Kila magharibi hupita mtu kwenye ujia wangu. Husimama mbele ya mlango wa chumba. Habishi hodi. Hangojei nimfungulie. Anangojea nilitaje jina la mama yangu, na mimi naandika haya nikiwa nimefumba mdomo.

Larusi ben Taher Furati alifariki mjini Sfax, Jumatano, tarehe 19 Novemba 2014, saa kumi na moja na robo jioni. Sababu iliyoandikwa ni maji mapafuni.